Akala za Nekesa

Patrobas aliusikia mguu wa marehemu mke wake Jumamosi saa nne na nusu asubuhi, akiwa amesimama mbele ya duka la Deeqa na pakiti ya majani chai mkononi.

Ko… paa-ti. Ko… paa-ti.

Ulikuwa unapanda ngazi. Pole pole, kama ulivyopanda miaka yote ile, kishindo kizito cha kushoto, kofi jepesi la kulia, na nyuma ya kofi ule mlio mdogo wa msumari uliolegea. Patrobas aligeuka akatazama ngazi za nyumba yao. Ngazi zilikuwa tupu. Pakiti ikamponyoka ikaanguka juu ya viazi.

"Baba Marion, umeona jini?" Deeqa akauliza huku akicheka. Alikuwa Msomali mwembamba aliyezaliwa hapo hapo Eastlands, mwenye duka chini ya ghorofa lao Umoja, na mdomo wake haukuwa na kifuniko.

"Hiyo ni nini, Deeqa?"

"Nini?"

"Hiyo inayotembea."

Deeqa akaonyesha kispika kidogo kilichokaa katikati ya mikebe ya iliki. "Wewe huijui? Na mtu wako wa Donholm ndiye anayeitengeneza! Ni *Mgeni wa Ghorofa ya Sita*. Ile podikasti ya kutisha. Nyumba ina ghorofa tano tu, sawa? Lakini kila jioni kuna mama anapanda kwenda ya sita. Haonekani. Unasikia miguu tu. Ndiye huyo. Wallahi nikifunga duka napanda mbio kama mwizi."

"Rudisha nyuma."

"Ati?"

"Rudisha nyuma, mama, nakuomba."

Deeqa akarudisha. Patrobas akafumba macho, akahesabu. Moja, mbili, tatu. Kwenye ngazi ya saba mguu ukasimama, mtu akavuta pumzi ndefu kupitia puani. Halafu ukaendelea.

Ngazi ya saba. Hapo ndipo Nekesa alipokuwa akipumzika na kikapu chake, akiegemea ukuta, kwa sababu landilodi aliwaahidi lifti mwaka ambao Marion alizaliwa, na sasa Marion yuko sekondari, anakaa bweni, na mahali pa lifti pamewekwa tangi la maji lililotoboka.

Akala zile Patrobas alizishona kwa mkono wake. Mguu wa kushoto wa Nekesa ulikuwa mfupi tangu utoto, basi soli ya kushoto akaipa tairi mbili, ya kulia tairi moja. Msumari wa kisigino cha kulia ulilegea mwezi wa kwanza, na kila alipochukua nyundo Nekesa alimzuia. "Acha hivyo hivyo. Ndio usikie nikija." Akala kama hizo hazikuwepo nyingine duniani. Na mwenyewe alikuwa chini ya udongo huko Bungoma, mwaka wa tatu sasa.

"Umesikia? Ama masikio yako pia yamehamia Donholm?"

Alikuwa Opicho, ndugu yake Nekesa, amesimama mlangoni pake hatua kumi kutoka dukani, amevaa ovaroli ya kiwandani na uso wa kesi.

"Shemeji, salamu kwanza."

"Salamu nitampa mtu. Mama hali tangu Jumatano. Amechukua simu moja ya Deeqa, amekaa nayo kitandani, analia tu. Jana usiku ameniuliza, 'Opicho, ni nani huyo amevaa miguu ya mtoto wangu?' Haya, nimjibu nini? Nimwambie ni mpenzi wa mkwe wako?"

Deeqa akazima kispika. Akajifanya anapanga sabuni.

Patrobas akautazama mlango wa Opicho. Ndani, nyuma ya pazia la maua, alikuwepo mama mkwe, aliyeletwa Nairobi kutibiwa macho. Mwaka mzima alikuwa akipelekwa kliniki na kurudishwa, kwa kuwa mkubwa wa kupasua macho kila siku alikuwa semina. Ukungu ukamfunika kabisa. Lakini hata angekuwa anaona, Patrobas asingeweza kuingia akakaa mbele yake. Kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Miaka kumi na tisa alimjua mama yule kwa sauti peke yake, mmoja huku wa pazia na mwingine kule, na habari zote nzito zikibebwa na Opicho, kutoka mdomo hadi sikio.

"Mama anataka nini?" Patrobas akauliza.

"Anataka nini? Unauliza? Hiyo kitu ifutwe. Leo. Isisikike tena hapa wala pengine. Na kama haitafutwa, Jumamosi ijayo usiseme Mama amekubali mbuzi wako."

Mbuzi watatu. Walikuwa wamefungwa kwa rafiki yake Kayole, wanene, wakisubiri kupelekwa Machakos kwa kina Nthambi, huyo mtu wake wa Donholm, maana Wakamba bila mbuzi wa ntheo mwanamke huyo si wako, hata mkikaa miaka hamsini. Na Patrobas alikuwa amekula kiapo mwenyewe: mbuzi hawatoki Kayole kabla mama yake Nekesa hajasema neno jema. Neno lenyewe lilikuwa limekaribia. Mwezi uliopita mama alisema kupitia Opicho, "Mwanamume si gogo, aoe."

"Mwambie Mama," Patrobas akasema, "jioni haifiki kabla sijaimaliza."

Akaondoka bila majani chai.

* * *

Kutoka Umoja hadi Donholm si mbali kwa mtu mwenye hasira. Alitembea kando ya barabara ya Outer Ring, vumbi likimwingia kooni, na kila hatua akijiuliza ni nani aliyemwibia.

Maana akala zile alizificha. Baada ya mazishi, nguo za marehemu zilipogawanywa, dada zake Nekesa walibeba leso, sweta na viatu vya kanisani. Ndivyo ilivyo desturi, cha marehemu hakibaki. Patrobas akatoa vyote, lakini akala hakuzitoa. Alizitia chini kabisa ya gunia la akala zilizokosa wateja, kibandani kwake Kariokor, na hakumwambia mtu. Kila mtu ana dhambi yake ndogo. Yake ilikuwa hiyo.

Na Kariokor ndiko Nthambi alikomkuta. Alikuja asubuhi ya mvua, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mweusi wa kung'aa, na mwavuli uliovunjika mbavu.

"Nataka akala za maiti," akasema.

Patrobas hakuinua kichwa. "Maiti wa mjini siku hizi wananunua viatu? Kwetu wanazikwa peku."

Yule mwanamke akacheka, cheko lililotoka tumboni. Akaeleza kazi yake. Alikuwa mtu wa sauti. Katika michezo ya kusikiliza, mtu hakuonyeshi kitu, anakusikilizisha. Mfupa ukivunjika, ni bua la sukuma wiki. Damu ikidondoka, ni uji. Na mzimu ukitembea, lazima apatikane fundi wa kiatu. Akamwomba avae jozi moja baada ya nyingine atembee juu ya saruji, na yeye akafumba macho akasikiliza.

Patrobas alimtazama alivyofumba macho. Kope zilikuwa na matone ya mvua. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza hivyo. Hospitalini, siku ile Nekesa alipokaa kwenye benchi kwa muda wa saa sita na tumbo linalomuua, Patrobas aligonga kila mlango, akaongea na kila koti jeupe, na wote walikuwa na masikio lakini daktari mkubwa wa zamu alikuwa mkutanoni, na bila yeye hakuna aliyeruhusiwa kusikia. Sasa hapa mtu alikuwa amefumba macho ili asikie mguu wake tu, mguu wa fundi.

"Rudia," Nthambi alisema siku ile. "Tembea tena. Taratibu. Kama unaenda kwa mtu unayemkosa."

Alirudia. Amekuwa akirudia tangu hapo, mwaka na miezi miwili.

Na leo alikuwa anaenda kumwambia ni mwizi.

* * *

Studio ilikuwa chumba cha kulala cha nyumba ya kukodi, ukuta mzima umefunikwa kwa magodoro na mablanketi ya mtumba. Katikati, chini, palikuwa na trei ya kokoto, kipande cha saruji, mlango mdogo usiofungua popote, na sufuria za kila namna. Nthambi alikuwa amepiga magoti, akipasua bua la sukuma karibu na maiki. Alipomwona akatabasamu, akaweka kidole mdomoni kumwambia anyamaze kidogo.

"Leo sinyamazi," Patrobas akasema.

Tabasamu likabaki nusu. Akazima mashine. "Baba Marion. Kuna nini? Mbuzi wamekufa?"

"Nani ameiba akala za mke wangu?"

Mlango wa pili ukafunguka, akatoka Mugo, mwenye podikasti, kijana wa ndevu zilizokatwa kwa rula na kikombe cha kahawa mkononi. "Niaje mzae! Umeskia sehemu ya saba? Hizo hatua zimetubeba, watu wamechizi kabisa. Kuna msichana ameandika ati amelala na taa wiki nzima."

"Wewe ndiye mkubwa hapa?"

"Mkubwa ni Mungu, mimi nalipa tu kodi ya nyumba."

"Basi wewe ndiye umeniibia. Nyinyi wakubwa ndio zenu. Mtu akifa mnamwacha kwenye benchi, na akishazikwa mnarudi kumchukua miguu mfanyie biashara."

Mugo akamtazama Nthambi. "Huyu anaongea nini?"

"Mugo, toka nje kidogo," Nthambi akasema.

"Studio ni yangu…"

"Toka, nakuomba."

Mugo akatoka akinung'unika. Nthambi akainuka, akajipangusa magoti. Hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililomchoma Patrobas kuliko yote.

"Ulijua," akasema.

"Keti kwanza."

"Ulijua ni zake!"

"Sikujua siku ya kwanza. Nilijua siku ya pili." Nthambi akaenda pembeni, akavuta gunia. Mdomo wa gunia bado ulikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli. "Fundo hili ni la nani, Patrobas?"

Patrobas akalitazama. Lilikuwa fundo lake, la kupindua mara tatu na kuchomeka ncha.

"Mwezi wa tatu nilikuomba akala nyingi, za umati wa watu kukimbia. Ukaniletea gunia. Ukaliweka hapo mlangoni ukasema, 'Chukua lote, ni takataka.' Takataka. Hilo neno ni lako."

Akakumbuka. Ilikuwa siku ambayo wasimamizi wa soko waliwaambia wahame upande ule kabla ya saa sita. Alikuwa akitupa vitu mkokoteni bila kutazama.

"Ni wale wa soko," akasema. "Walitukimbiza kama kuku. Mtu angekumbuka vipi…"

"Ndio hiyo sasa!" Nthambi akapiga paja. "Nilikuwa naisubiri. Lifti ni landilodi. Hospitali ni daktari. Tairi mbaya ni mwenye stoo. Na hata akala za mkeo, ulizozifunga kwa mkono wako, zimeletwa hapa na wakubwa wa soko! Wewe hujawahi kufanya kitu chochote wewe mwenyewe?"

"Usinigeuzie maneno. Ulipojua ni zake, kwa nini hukuniambia?"

Nthambi akalisukuma gunia pembeni. Nje mtu alikuwa anapiga honi ya kuuza maziwa, na magodoro yakaifanya iwe mbali kama ya nchi nyingine.

"Niliziona ndogo," akasema taratibu. "Na soli ya kushoto nene. Nikakumbuka ulivyonieleza mguu wake. Nikasema nitakupigia simu. Kisha nikazivaa."

"Ukazivaa."

"Ndiyo, vidole vikiwa nje. Nikazivaa nikatembea hapo kwenye saruji. Kisha nikaenda ngazini. Nilipanda na kushuka siku nzima, Patrobas. Kiuno kikaniuma nikashindwa kulala. Nikajua kwa nini alikuwa akisimama ngazi ya saba. Si kuchoka. Hapo ndipo nyonga inapokataa, unaibembeleza kidogo ndio ikubali. Wewe ulijua hilo?"

Hakujua. Miaka kumi na sita ya ndoa alidhani ni kikapu.

"Sasa ulitaka nini kwake?" akauliza. "Amekufa. Hana kitu cha kukupa."

"Ana kila kitu!" Nthambi akasema, na macho yake yakajaa. "Nilitaka kujua anatembea vipi huyo ambaye kila nikikaribia ananipita. Tukila, yuko. Tukicheka, unakata kicheko katikati kama mtu aliyeitwa. Nikasema labda nikitembea kama yeye nitafika hapo alipo. Ni upumbavu, najua. Lakini sikuchukua ili nitishe watu. Nilirekodi nikiwa peke yangu. Mugo ndiye alisikia akasema iingie, na mimi… mimi nilikubali. Kwa sababu ni sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Hapo nilikosa. Nimesema, nilikosa. Si Mugo, ni mimi. Unaona inavyosemwa?"

Patrobas alitaka kumshika. Kidogo tu, mkono ulishaanza kutoka. Kisha akamsikia Opicho kichwani, *nimwambie ni mpenzi wa mkwe wako*, na mkono ukarudi mfukoni.

"Ifute."

"Nini?"

"Ifute. Kila mahali. Isisikike tena."

"Naweza kuitoa kwa watu. Lakini ile ya asili ibaki hapa kwa mashine, ikae tu. Sitaitumia."

"Yote."

"Patrobas, ikifutwa hapa haipo tena. Hakuna pengine. Fikiria vizuri. Umemuuliza Marion? Umemuuliza mama yake Nekesa?"

"Mama ndiye amesema! Hali chakula tangu Jumatano kwa sababu yako."

"Amekuambia yeye mwenyewe?"

"Kwetu mambo hayaendi hivyo. Nimesema amesema."

Nthambi akaketi mbele ya mashine, mgongo wima kama mtu anayeapishwa. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Mugo, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaingia mbio.

"Nthambi! Unafanya nini? Hiyo ndio inatulisha! Wewe, mama, ukifuta hiyo usirudi hapa Jumatatu!"

"Sirudi," Nthambi akasema, akabonyeza mara ya mwisho.

Hakukuwa na mlio wowote. Patrobas alikuwa ametegemea kitu fulani kilie.

Nthambi akatoa akala chini ya kiti. Alikuwa amezifunga kwa leso safi, moja juu ya nyingine, kama mtu anavyofunga mkate wa mgeni. Akampa.

"Shika. Na Jumamosi ijayo usije na mbuzi."

"Nthambi, hilo ni lingine. Nimekuja kwa hili tu."

"Ni hili hili." Akavua ndala zake, akasimama peku kwenye saruji. "Mwaka na miezi miwili. Kibandani kwako ukuta umejaa maboksi ya vipimo vya miguu. Kuna wa kasisi. Kuna wa yule askari wa kaunti unayemtukana kila siku, mguu wake umeuchora vizuri hata kidole kilichopinda. Wangu uko wapi?"

"Nilisema tairi nzuri ikipatikana…"

"Ya askari ilipatikana."

"Nthambi…"

"Hujawahi hata kuniambia simama hapa nikupime. Nilikuwa nangoja. Kila nikija Kariokor navua viatu mapema, nakaa peku kama mwenda wazimu, ati labda leo. Haya, hiyo ni ya mkubwa gani, Patrobas? Nitajie jina nimchukie nawe."

Patrobas alibana akala kwapani akatoka, na nyuma yake akamsikia Mugo akipiga kelele.

* * *

Jua lilikuwa limeegemea upande wa mjini alipofika kwake. Njiani alijifariji: amefanya alichotumwa. Mama atakula. Nthambi atapoa, mwanamke hupoa, wiki moja si nyingi. Alikuwa amechukua hatua, kwa mara moja, na hakuna mkubwa aliyemzuia.

Deeqa alisimama mlangoni mwa duka. Hakucheka. "Baba Marion, ile hadithi imepotea. Nimetafuta. Na mimi huwa nasikiliza hewani tu, sikuiweka."

"Najua."

"Mama yuko…" Deeqa akaonyesha mlango wa Opicho kwa kidevu, akaacha sentensi hapo.

Patrobas akasogea mpaka kizingitini, akageuza mgongo kidogo kama inavyopasa, akapiga hodi. Opicho alikuwa amekaa kwenye stuli ndani, kichwa chini.

"Baba Marion, ni wewe?" Sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya pazia.

"Ni mimi, Mama."

"Hii simu ya Deeqa imenyamaza. Opicho ameibonyeza, haisemi."

"Nimeiondoa, Mama. Imefutwa kabisa. Haitakusumbua tena."

Pazia halikutikisika. Patrobas akangoja shukrani.

"Nani alikuambia inanisumbua?"

Akamtazama Opicho. Opicho alikuwa anakwangua rangi ya stuli kwa ukucha.

"Opicho alisema… Huli, Mama. Unalia. Uliuliza ni nani amevaa miguu ya mtoto wako."

"Nikauliza, ndiyo. Mama halii? Nimelia siku nne, na ni siku nne nzuri kuliko zote tangu tulipomzika." Sauti ilikuwa chini, bila hasira, na hiyo ikawa mbaya zaidi. "Macho yangu hayana picha tena. Mlinipa ile ya harusi, nimeipapasa, ni kioo tu. Tangu Jumatano mtoto wangu amekuwa akinipandia ngazi. Nikitaka aje, naambia Opicho bonyeza, anakuja. Ko, paa-ti. Sitaki chakula kwa sababu sitaki sauti ya kijiko. Niliuliza ni nani huyo ili mniletee, nimshike mkono, nimwambie asante."

"Mama," Opicho akasema, "mimi nilifikiri…"

"Wewe ulifikiri. Na huyu naye akakimbia."

"Ni mwiko, Mama," Patrobas akasema. "Ningeingiaje kukuuliza?"

"Mwiko ni kunitazama, mwanangu. Kuniuliza si mwiko. Ulisimama hapo asubuhi, hatua kumi. Nilikusikia ukimwambia Deeqa rudisha nyuma. Nikasema, sasa atakuja kuniuliza. Nikasikia unaenda."

Patrobas akafungua leso. Akapiga magoti, akapitisha akala chini ya pazia. "Ziko hapa, Mama. Ni zenyewe. Nilizificha."

Mikono mikavu ikazipokea. Ikapapasa soli, ikaupata msumari, ikakaa hapo. Kisha mama akazishika kwa viganja, akazigonga sakafuni. Ko. Pa. Akajaribu tena, taratibu zaidi. Ko. Pa. Msumari haukulia.

"Hapana," akasema mwishowe. "Hizi ni akala tu. Zinataka mtu ndani." Halafu, "Huyo mwanamke. Alijuaje kupumzika pale?"

Siku ile ya benchi, Patrobas alimwapia Mungu kwamba hatawasamehe milele watu wanaokata neno juu ya mtu aliye upande wa pili wa mlango bila kufungua na kumuuliza. Aliwajua kwa makoti yao, kwa semina zao, kwa mikutano yao. Hakuwahi kudhani anaweza kuwa mmoja wao akiwa amevaa aproni ya fundi.

Akapanda ngazi. Kwenye ya saba akasimama, akaegemea ukuta, na hapakuwa na kikapu wala nyonga ya kubembeleza.

Ndani hakuwasha chochote, mwanga wa dirisha ulikuwa bado unatosha. Alichukua boksi la sabuni, akalipasua likawa bapa, akaliweka mezani, akatoa chaki. Kwanza akafumba macho akachora mguu wa Nekesa, wa kushoto. Chaki ilienda yenyewe, kisigino, upinde, kidole gumba kilichotazama ndani, ikafunga pale ilipoanzia. Haikukosea hata unywele.

Akaligeuza boksi upande wa pili.

Akakumbuka kope zenye matone ya mvua. Akakumbuka cheko, na harufu ya sukuma iliyopasuliwa, na mgongo wima mbele ya mashine. Akamkumbuka amesimama peku juu ya saruji, leo hii, mbele yake, akimwambia atazame. Akaishusha chaki mpaka ikagusa boksi.

Ikakaa hapo hapo. Haikujua pa kuanzia.